Baraza la Nyumbani: Jina Ni Amana Kabla ya Kuwa Pambo



Kila Idi inapokaribia, simu za majumbani mwetu hujaa majina. Mtu huamka asubuhi akakuta jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, lazunguka na kumetameta, nyota zaanguka juu yake, mwezi mwandamo wachomoza pembeni, na chini yake pameandikwa Idi Mubaraka. Watoto hufurahi, kina mama huwaonyesha jirani zao, na wazee wengine hutazama wakanyamaza. Vijana wetu wa Singida, kama vijana wa miji mingine, wameijua kazi hii. Wapo wanaoifanya kwa kujifurahisha, na wapo wanaoifanya kwa ujira katika maduka ya steshenari, pale panapotolewa fotokopi na kupigwa picha za pasipoti.

Mwezi huu twapenda kuizungumza kazi hiyo: namna inavyofanywa, heri iliyomo ndani yake, na mahali inapoweza kumkwaza mtu. Hatukusudii kuikataza. Twataka kuwaambia vijana wetu jambo moja tu, nalo ni hili: jina ni amana kwanza, pambo baadaye. Anayetaka kulipamba jina la mtu, na alijue kwanza.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe.

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi alifariki bibi mmoja, miezi michache kabla ya Ramadhani. Alikuwa mke wa mwalimu wa chuo, mzee aliyewasomesha Kurani watoto wa kijiji kile kwa miaka mingi. Kama ajuavyo kila mtu wa huku kwetu, mvua za Singida ni za msimu mmoja tu, na zikishapita, mama huamka alfajiri kwenda kutafuta maji mbali. Basi watoto wa marehemu, walioko Singida mjini, Dar es Salaam na Mwanza, wakakubaliana wachange fedha, wachimbe kisima kiwe sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya mama yao.

Katika ukoo ule alikuwamo kijana, mjukuu wa marehemu, ambaye kazi yake ni kompyuta katika duka la steshenari mjini. Kijana akaona naye atoe mchango wake. Akalitengeneza jina la bibi yake kwa herufi za Kiarabu, la dhahabu juu ya kijani, lenye kung'ara na kuzunguka, akaandika na dua chini yake. Akalipeleka kwa jamaa wote kwa simu. Jamaa wakalipenda mno, na mmoja wao, bila kuuliza, akampelekea fundi wa mabango picha ile ile, ainakili katika bango la kisima.

Siku ya Idi, baada ya sala, kijana akamwendea babu yake pale kivulini tulipokuwa tumeketi. Akamwamkia, akampa simu atazame. Mzee akavaa miwani. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Jina likazunguka mara ya kwanza, likazunguka mara ya pili. Kisha akamrudishia mjukuu wake simu, akamwambia kwa maneno ya utani, ingawa uso wake haukuwa wa utani: "Mume mwenzangu, dhahabu hii ni nzuri. Lakini huyu siye mke wetu."

Kijana hakufahamu. Mzee akamwonyesha kwa kidole. Herufi zote zilikuwa zimekatika, kila moja imesimama peke yake, na zilianzia kushoto kwenda kulia, kinyume cha maandishi ya Kiarabu. Zaidi ya hayo, herufi ya kwanza haikuwa ile ya jina la marehemu. Jina lenyewe hatutalitaja hapa, kwa kuwa ni la nyumba ya watu. Latosha kusema kwamba laanza kwa خ, na kijana alikuwa ameandika ح. Mzee hakukasirika. Alivua miwani yake akanyamaza, na kunyamaza kule kulimchoma kijana kuliko kukaripiwa. Na bango la kisima lilikuwa limekwisha kupakwa rangi.

Wasomaji wetu, kosa lile halikutokana na ubaya wa moyo. Kijana alimpenda bibi yake. Wala halikutokana na uvivu, maana alikesha usiku mbili akiifanya kazi ile. Lilitokana na kujua kupamba kabla ya kujua kinachopambwa. Na kosa kama hilo lafanyika kila siku, ila si kila nyumba ina mwalimu wa chuo wa kulitambua.

KUPAMBA JINA SI JAMBO GENI

Asidhani mtu kwamba kulipamba jina ni mchezo uliozuka pamoja na simu. Ni sanaa ya zamani, na Waislamu wameitukuza kuliko watu wengi.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za mbali, aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha, ikachorwa jina lake na cheo chake katika mistari mitatu: Muhammad, kisha Rasul, kisha Allah. Naye akawakataza watu wengine wasichore katika pete zao mchoro kama ule. Pete ile ilivaliwa baada yake na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris mjini Madina. Yatupasa tulitie moyoni katazo lile, kwa kuwa tutalirudia mbele. Jina lililochorwa kwa namna yake maalumu ni ushahidi wa mtu, na ushahidi wa mtu hauigwi.

Baadaye katika mji wa Baghdad alitokea waziri Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940. Yeye aliyapimia maandishi ya Kiarabu vipimo: kila herufi ikawa na urefu na upana wake kwa hesabu ya nukta zitokazo katika ncha ya kalamu. Masultani wa Uturuki nao walikuwa na waandishi wa kuandika jina la Sultani kwa umbo la kusukwa liitwalo tughra, ambalo kila Sultani alikuwa na lake.

Na kwetu Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na 19 waandishi walinakili misahafu kwa mkono wakaipamba kurasa zake kwa rangi. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina maandishi yaliyochongwa juu ya vizingiti vyake. Na huku bara, njia ya misafara ya kwenda Tabora ilipopita Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni ya leo, Uislamu nao ulipita njia hiyo pamoja na majina yake na herufi zake. Wazee wetu waliokwenda chuoni walijifunza kuandika juu ya ubao, wakaosha, wakaandika tena.

Twaona, basi, kwamba kijana anayekaa mbele ya kompyuta akalipamba jina ameketi mwishoni mwa safu ndefu ya mafundi. Na mafundi wale wote walianza kwa kuijua herufi.

NAMNA PICHA YENYE KWENDA INAVYOFANYWA

Wazazi wengi hutuuliza: jina huendaje katika simu? Jawabu ni jepesi. Jina haliendi. Ni picha nyingi zinazofuatana upesi, kila moja imetofautiana kidogo na mwenzake, na jicho huzidhania ni moja inayotembea. Kila picha katika mfuatano huo vijana huiita fremu.

Picha za namna hii aghalabu huhifadhiwa kwa mtindo uitwao GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, ukaongezwa nguvu mwaka 1989. Katika mtindo huu muda wa kila fremu hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ukiweka fremu 12, na kila moja ikae sehemu 10 za mia, mzunguko mzima utachukua sekunde 1 na sehemu 20 za mia, kisha utaanza tena. Lakini mtindo huu una mpaka wake: kila fremu haiwezi kuchukua zaidi ya rangi 256. Ndiyo maana dhahabu iliyokuwa laini katika kompyuta hugeuka punje punje katika simu. Asiyejua sababu huongeza mapambo ili kuificha kasoro, na kasoro huzidi. Anayeijua hupunguza rangi tangu mwanzo.

Programu za kuhariri picha ni nyingi. Photoshop yatumika sana, nayo huuzwa kwa malipo. Lakini iko nyingine iitwayo GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka 1996. Hii ni ya bure, na kuitumia si dhambi wala wizi. Twalisema hili kwa sababu vijana wengi hutumia programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli, wakadhani kwamba kitu kisichoshikika hakiibiwi. Ikiwapo ya halali isiyo na gharama, kwa nini riziki ianze kwa shaka?

Kazi yenyewe hufuata mpango huu:

Kwanza, fungua karatasi tupu ya kiasi, tuseme pikseli 400 kwa 200. Karatasi kubwa hufanya picha nzito, na picha nzito hula bando la anayepelekewa.

Pili, andika jina katika tabaka lake peke yake, mbali na tabaka la rangi ya nyuma. Tabaka ni kama karatasi ya kioo iliyowekwa juu ya nyingine. Waweza kuigusa moja bila kuiharibu ya pili.

Tatu, linakili tabaka la jina mara nyingi, na katika kila nakala ubadili kitu kidogo: mwanga usogee, au nyota ishuke hatua moja. Katika GIMP kila tabaka litakuwa fremu moja, na ukiandika katika jina la tabaka muda wake ndani ya mabano, kwa mfano (100ms), programu itautii.

Nne, itazame picha ikienda kabla ya kuihifadhi. Kisha ihifadhi kwa mtindo wa GIF, na usisahau kuweka alama katika kisanduku kinachosema kwamba matabaka ni ya picha yenye kwenda. Ukisahau, matabaka yote yatagandamana yawe picha moja iliyokufa.

Tano, jihadhari na kupepesa kwa ukali. Desemba 1997 huko Japani, katuni moja ya televisheni iliyopepesa mwanga mwekundu na wa buluu kwa kasi iliwafikisha hospitali mamia ya watoto. Wataalamu husema mwanga usipepese zaidi ya mara 3 katika sekunde moja, kwa kuwa wapo watu ambao mpepeso kama huo huwaamshia kifafa. Hujui ni nani atakayeifungua zawadi yako.

HERUFI TATU KATIKA SAUTI MOJA

Sasa tuje katika kosa lile la Ikungi, maana ndilo kiini cha maneno yetu.

Sisi Waswahili husema Hadija, Hamisi, Halima, Hasani na Haruni, na katika ulimi wetu h ya majina hayo yote ni moja. Lakini katika maandishi ya Kiarabu ni herufi tatu. Hadija na Hamisi huandikwa kwa خ. Halima na Hasani huandikwa kwa ح. Haruni huandikwa kwa ه. Halima ni mwanamke mpole mwenye kustahimili. Ukiibadili herufi yake ya kwanza, maana hiyo imekwenda zake. Hali kadhalika Saidi, ambalo maana yake ni mwenye heri, lina ع katikati. Ukiiondoa, umelisogeza kwenye neno jingine lenye maana ya bwana. Si kila jina lisikikalo sawa ni jina moja.

Kosa la pili ni la mashine. Herufi za Kiarabu hushikana, na kila moja hubadilika umbo kwa kadiri ilivyo mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Jina Halima laandikwa hivi: حليمة. Lakini ziko programu, au mipango ndani ya programu, ambazo hazikutayarishwa kwa maandishi ya namna hii, nazo huzitoa herufi zikiwa zimekatika, na mara nyingine zikiwa zimepinduliwa mwisho kuwa mwanzo. Katika matoleo ya zamani ya Photoshop ilikuwa sharti uchague mpango wa maandishi unaofaa lugha za Mashariki ya Kati. GIMP huzishikanisha herufi yenyewe. Na ziko sura za herufi, ambazo vijana huziita fonti, za halali na za bure, kama ile iitwayo Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo. Hiyo husomeka vizuri hata ikiwa ndogo.

Kosa la tatu ni jipya zaidi. Siku hizi ziko mashine za akili mnemba ambazo mtu huziomba zimchoree jina, nazo huchora. Mara nyingine hutoa mistari iliyopinda kwa uzuri, yenye nukta juu na chini, ambayo kwa mbali ni Kiarabu na kwa karibu si kitu. Mashine ile yajua sura ya maandishi, na haina ahadi yoyote na maana yake. Asiyejua kusoma ataitundika ukutani, akidhani ni jina la mtoto wake au aya ya Kurani.

Dawa ya makosa haya matatu ni moja, wala haiuzwi dukani. Kabla ya kulituma jina lililoandikwa kwa Kiarabu, mwonyeshe anayejua kusoma: mwalimu wa madrasa, babu yako, au dada yako aliyehitimu chuo. Ni kazi ya dakika moja. Sisi tulimwona kijana aliyeikosa dakika hiyo, na tuliona ilivyomgharimu.

ADABU ZA KAZI HII

Yako mambo mengine ambayo twapenda wazazi wayazungumze na vijana wao.

La kwanza ni Jina la Mwenyezi Mungu na aya za Kurani. Sisi twaona kwamba jina la mtu laweza kuzungushwa na kurushwa rushwa bila ubaya, lakini Jina Tukufu halifanywi mchezo wa macho. Likiandikwa, na litulie. Wala lisifuatishwe na muziki wa dansi, wala lisichanganywe na picha zisizokuwa na heshima. Mwenye kulitia katika uso wa simu yake na akumbuke anakoingia nayo.

La pili ni majina ya watu. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, inatukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Kijana mwenye ujuzi huu aweza kulitia jina la mwenziwe katika umbo la mnyama, likacheza na kuchekwa na darasa zima. Picha ile haifi jioni kama maneno ya mdomo. Hupita simu hadi simu, na anayechekwa huikuta tena baada ya miaka. Na jina la binti wa watu lisizungushwe katika nyoyo nyekundu na kutumwa huku na huko bila ya ridhaa yake na ya wazee wake.

La tatu ni zile picha zenye kuamrisha: watumie watu kumi, utapata habari njema, usipotuma, utapatwa na jambo. Hazina asili katika dini. Anayezitengeneza anacheza na hofu za kina mama zetu, na anayezituma anamsaidia.

La nne ni la riziki, nalo twaliona kubwa. Ujuzi uleule wa kulipamba jina la Idi ndio ujuzi wa kutengeneza lebo za biashara. Mkoa wetu wa Singida ni mkoa wa alizeti. Kando ya barabara kuu yamepangwa madumu na chupa za mafuta, na asali ya Manyoni na Itigi nayo yatafuta wanunuzi. Mkamuaji mdogo ahitaji jina la bidhaa yake liandikwe vizuri, na kijana mwenye kompyuta aweza kumsaidia akapata ujira wa halali. Hapo ndipo litakapokuja lile jaribio. Mteja atasema: niwekee na alama ya TBS pembeni, hata kama sijaipata. Au: fanya lebo yangu ifanane na ya fulani, maana yake yanauzika.

Kijana wetu, ikumbuke pete ya Mtume. Kwa nini aliwakataza watu wasiuige mchoro ule? Kwa sababu mwenye kuipokea barua angeshindwa kuijua ya kweli na ya uongo. Alama ya ubora inamwambia mama wa nyumbani kwamba mafuta yale yamekaguliwa. Ukiichora mahali pasipostahili, umemdanganya mama huyo juu ya chakula cha watoto wake. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ndani yake mna adhabu kwa mwenye kughushi kwa kompyuta na kwa mwenye kujifanya mtu asiye. Lakini sisi hatupendi kijana aache kughushi kwa kuogopa polisi tu. Aache kwa sababu jina ni amana.

La tano ni wakati. Kazi hii huvuta. Mtu hukaa abadili rangi ya nyota moja, akazinduka adhana ya alfajiri yaadhiniwa. Wazazi wasimnyang'anye kijana kompyuta yake, bali wamwekee saa, na wamwombe kila mwezi aonyeshe alichokitengeneza. Kazi inayoonyeshwa baba na mama aghalabu huwa safi.

MWISHO WA KISA

Wasomaji watapenda kujua yaliyomfika yule kijana.

Jioni ya siku ileile ya Idi alirudi kwa babu yake, safari hii na karatasi badala ya simu. Akamwomba amwandikie jina la bibi kwa mkono wake. Mzee akatafuta kalamu yake ya zamani ya tete, akachanganya wino, akaandika. Mkono ulikuwa umezeeka, lakini herufi hazikutetemeka. Akamwandikisha na mjukuu, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka kijana akaweza kuunganisha herufi bila kutazama.

Kijana akaipiga picha ile karatasi, akaitia katika kompyuta iwe tabaka la chini, akaipunguza wino mpaka ikawa kama kivuli, na juu yake akayafuata maandishi ya babu yake mstari kwa mstari. Akamwendea fundi wa mabango, akamlipa kwa fedha zake mwenyewe afute na kuandika upya. Kisha akatengeneza picha yenye kwenda, isiyo na nyota wala kuzunguka. Katika picha hiyo jina hujiandika: fremu ya kwanza karatasi ni tupu, kisha wino huanza kulia, hufunuka kidogo kidogo kwenda kushoto kama kalamu inavyokwenda, na nukta huwekwa mwisho, kama waandishi wafanyavyo.

Tulikwenda kisimani siku maji yalipofunguliwa. Bango lilikuwa mahali pake, jina limeandikwa kwa mkono wa mume wake. Kijana akamsogelea mzee na simu yake. Mzee akavaa miwani, akatazama herufi zikija moja baada ya moja, mpaka nukta ya خ ikatua mahali pake. Akasema: "Naam, mume mwenzangu. Huyu ndiye."

Ndugu zetu vijana, hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Jifunzeni kompyuta, na mzijue programu zenu barabara. Lakini kabla ya kulitia jina la mtu dhahabu, mwulizeni mwenyewe, au nduguze, laandikwaje na lina maana gani. Nanyi wazazi, msiwaache wazee wenye kalamu za tete wakaondoka na ujuzi wao, hali mna wajukuu wenye kompyuta nyumba hiyo hiyo. Waketisheni pamoja. Kila mmoja ana nusu ya kazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mikono ya vijana wetu iandike yaliyo kweli, na awarehemu waliotutangulia ambao majina yao tunayo. Wabillahi tawfiq.